Ongeza Sita

Mzee Tajudini wa avenue ya kumi na nane, Buyenzi, alikuwa na saa ya ukutani iliyojua Kiswahili. Usicheke kwanza. Saa nyingine za kengele mjini Bujumbura ziligonga kwa hesabu ya Wabelgiji waliozileta: saa moja ya asubuhi zinagonga mara saba, saa sita ya mchana mara kumi na mbili, na aliyezisikia ilibidi afanye hesabu kichwani kabla hajajua kama ni wakati wa chai au wa wali. Ya Mzee Tajudini haikumsumbua mtu. Saa moja iligonga mara moja, saa sita mara sita, na jua likizama iligonga kumi na mbili, kama sisi sote tunavyosema. Mishale yake ilizunguka kama mishale ya kila mahali, kwa wenye kutaka kusoma. Kengele ndiyo iliyosema lugha ya nyumbani.

Jambo hilo alilifanya mwenyewe alipokuwa kijana, fundi injini katika gereji ya Mgiriki mmoja. Mgiriki alipofunga gereji na kurudi kwao alimwachia ile saa, na Tajudini, badala ya kuitundika tu kama mtu wa kawaida, akaifungua siku hiyo hiyo. Ndani alikuta gurudumu lenye mapengo, na kikono cha chuma ambacho hudondokea kwenye pengo na kuizuia kengele isiendelee kugonga. Alilizungusha gurudumu hatua sita, akafunga. Ndiyo ufundi wote. Lakini kwa miaka thelathini na tano majirani walileta wageni wao kuja kuisikiliza, naye alikaa pembeni akijifanya hajali.

Kisha macho yakamwacha. Presha ilikula la kulia, ikala la kushoto, na kufikia mwaka 1997 alikuwa haoni kitu isipokuwa weupe wa mlango ukiwa wazi. Gereji hakuna tena, kusoma hakuna, kutembea peke yake sokoni hakuna. Alibaki na saa yake na koo lake. Alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo uliopakana na nyumba yake. Walitoboa mlango kwenye ukuta wa uani ili asipite barabarani, na kutoka kitandani mpaka kizingiti cha msikiti zilikuwa hatua thelathini na moja. Aliadhini kwa koo tupu. Kipaza sauti kilikuwepo, lakini umeme siku hizo ulikuja unapotaka.

Adhana yake ya alfajiri ilikuwa na kazi ya pili. Ilikuwa vita. Couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje, iliondoka saa kumi na moja ya alfajiri, na kamati ya msikiti ilikubaliana na wakubwa wa mtaa kwamba adhana isitolewe kabla ya hapo, watu wasije wakakutana na bariyeri za askari gizani. Basi mtaa mzima ukazoea: Mzee Tajudini akiadhini, barabara iko wazi. Hyacinthe muuza mkate aliisubiri sauti hiyo, Mkristo yeye. Waliokimbia Kamenge na Cibitoke wakapanga vyumba huku waliisubiri. Aliisubiri Mama Scholastique, mkimbizi wa Uvira aliyekaa chumba cha nyuma katika ua wa jirani, maana ilimbidi awahi ziwani kabla wachuuzi wakubwa hawajamaliza ndagala, wale dagaa wa ziwa. Watu mia moja, mia mbili, walivaa viatu kwa sauti ya mtu mmoja asiyeona. Alilijua hilo, na lilimpendeza kuliko alivyopaswa kupendezwa.

Mwezi wa nne bomu lilianguka ng'ambo ya mto Ntahangwa, ukuta ukatetemeka, na saa ikashuka chini kifudifudi. Ilipotundikwa tena mishale ilitembea kama kawaida. Kengele ilinyamaza.

"Nipeeni tournevis," alisema Mzee Tajudini, akinyoosha mkono apewe bisibisi. "Ni kile kikono ndani. Mi nakijua."

"Baba, hauone," alisema Ilias, mwanawe, mwenye duka la vitenge. "Utaiharibu kabisa. Mi naipeleka kwa professionnel."

Neno hilo lilimchoma. Professionnel! Yeye aliyekuwa akitaja ugonjwa wa gari kwa kulisikia tu likikata kona. Lakini mtu akishapofuka, watoto wake humwonyesha mapenzi kwa kumnyang'anya vitu mkononi. Saa ikafungwa ndani ya shuka, ikaenda.

Huyo professionnel aliitwa Maître Murhula, wa Bukavu, aliyefika na wakimbizi mwaka uliopita akafungua chumba kimoja karibu na soko. Mwantum, mke wa Mzee, aliyefuatana na Ilias, alirudi na habari kamili. Fundi huyo alivaa blouse nyeupe kama daktari wa meno. Alikuwa na lenzi ya kubana jichoni, na ubao mlangoni ulioandikwa HORLOGERIE DE PRÉCISION, yaani ufundi wa saa usiokosea hata nukta, kwa rangi mbili, na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni.

"Baba Ilias, yule mutu hata kucha zake ni safi," alisema Mwantum.

"Fundi mwenye kucha safi," alisema Mzee, "anafanya kazi na nini?"

Siku tisa baadaye saa ikarudi, imepakwa vanishi, inanuka kama jeneza jipya. Wakaitundika, wakakaa wote kusubiri saa moja ya jioni. Mwantum alileta chai. Mishale ikafika, mtambo ukakohoa, na kengele ikagonga mara saba.

Mzee akaweka kikombe chini. "Saa saba?"

"Saa moja, Baba," alisema Ilias.

Ilikuwa hivi: Maître Murhula, alipoyachunguza yale mapengo na kugundua kwamba mishale ikisema saba kengele itasema moja, alidhani ni ugonjwa, akautibu. Hakuombwa na hakuuliza. Kwenye risiti aliandika, kwa Kifaransa kizuri, kwamba amesahihisha kosa la kengele.

"Murudishie, aitengeneze vile ilikuwa."

"Baba, saa zote za dunia zinagonga hivi. Na embargo hii, mipaka imefungwa, fundi anatafuta hata waya hapati, twende kumusumbua kwa kitu kama icho? We ongeza sita tu. Saba ni moja, kumi na mbili ni sita. Ongeza sita."

Mzee akaongeza sita. Aliongeza kwa siku nne, akinung'unika, kama mtu aliyevalishwa viatu kinyume. Siku ya tano, alasiri, kengele ikagonga tano. Tano na sita, kumi na moja. Akaruka kutoka kwenye mkeka: swala ya alasiri imempita! Akamwita Mwantum aangalie mishale.

"Saa kumi kamili, Baba Ilias. Kwa nini?"

Labda amehesabu vibaya. Akakaa chini ya saa kama mlinzi, na ilipofika saa kumi na moja kengele ikagonga sita. Basi hakuhesabu vibaya; kengele imetangulia kwa moja. Akatengeneza hesabu mpya kichwani: si kuongeza sita, ni kuongeza tano. Asubuhi yake akaongeza tano, kumbe kengele ilikuwa imerudi sawa. Jumatatu ilitangulia kwa mbili. Jumanne haikutangulia. Kila alipomwuliza Mwantum, mishale ilikuwa sahihi, na Mwantum, mwenye macho, hakuona tatizo lolote la saa. Nani anayehesabu kengele za nyumba yake mwenyewe? Mwenye macho huinua kichwa, akatazama, basi.

Mzee akaanza kujishuku. Mwenye kuona akiona kitu cha ajabu hukitazama mara ya pili. Yeye hakuwa na mara ya pili. Kengele ikishagonga imeshakwenda. Alihesabu kwa vidole, akahesabu kwa tasbihi, akahesabu kwa kokoto mfukoni. Kadiri alivyohesabu ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa, na aliogopa. Aliogopa kwamba baada ya macho sasa ni zamu ya kichwa.

Alidai apelekwe kwa fundi. Ilias akabeba saa, baba akashika mkono wa shati lake, wakaenda.

"Karibu, Papa," ilisema sauti ya Maître Murhula. Ilikuwa sauti tamu, ya mtu aliyesomeshwa na mapadri.

"Maître, kengele inaruka."

"Inaruka namna gani, Papa?"

"Inagonga tano wakati wa ine."

"Tutaona." Akaitundika kwenye ukuta wake, akawa anasukuma mshale mkubwa. Nne. Tano. Sita. Saba. Kila mara kengele ilijibu sawasawa. Mzee alihesabu kwa vidole vya mikono yote miwili, na hakuna mahali ilipokosea.

"Papa alikuwa peke yake wakati anasikia?"

"Peke yangu."

"Ah," alisema Maître Murhula. Mzee hakuisahau ile "ah". "Mi nafanya kazi ya précision, Papa. Garantie iko, miezi tatu. Lakini garantie ni ya saa, haiko ya masikio."

"Nimekuwa fundi miaka makumi tatu, Maître."

"Wa horlogerie?"

"Wa injini."

"Injini ni injini," alisema Maître Murhula kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Kisha akamvuta Ilias mlangoni wakanong'ona. Mzee alisikia neno waya. Akasikia neno uzee. Akasikia Ilias akicheka kicheko kifupi, cha mtu anayetaka kuondoka.

"Amesema nini?" aliuliza njiani.

"Amesema saa iko bien, Baba. Tuache sasa."

Wiki iliyofuata, Jumatano alasiri, kengele ilikuwa mbele tena kwa moja. Safari hii alihakikisha mara mbili na Mwantum. Vizuri, alijiambia, kesho alfajiri ikigonga tano itakuwa saa kumi tu. Nitasubiri igonge sita. Alfajiri ikagonga tano. Akasubiri, tasbihi mkononi. Alisikia jogoo. Alisikia ndala zikipita barabarani, akasikia baiskeli ya Hyacinthe ikililia mafuta, akajiuliza hawa watu wanatafuta kufa? Alikuwa bado anawaonea huruma pale Mwantum alipoamka na kupiga kelele.

"Baba Ilias, jua linatoka, na haujaadhini!"

Jana kengele ilikuwa mbele. Leo haikuwa mbele. Na hakuna mtu aliyeigusa, au ndivyo alivyoamini. Aliadhini mchana kweupe, na Hyacinthe aliporudi na kikapu kitupu alimpigia kelele ukutani, "Muzee, leo ulitaka tulale mpaka mwezi ukwishe?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, lakini moyoni alitamani ardhi immeze.

Mchana imamu alikuja kumwona, akazunguka kwa maneno mengi kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. "Mzee wetu, kamati inafikiri labda upumzike. Kijana wetu Atumani iko na montre mupya ya mukono. Tuone Jumapili."

Kwa hiyo alikuwa na siku mbili. Wakimweka Atumani, Mzee Tajudini angebaki kuwa kipofu anayekaa kwenye mkeka, anaulizwa kama amekula. Aliogopa hilo kuliko mabomu.

Ijumaa kengele ndiyo iliyomwamsha. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Tano na sita, kumi na moja: twende. Lakini kama imetangulia, basi ni saa kumi tu, na huko nje bariyeri bado imefungwa. Kutangulia au kutotangulia? Jibu lilikuwa limelala pale pale kando yake. Mwantum alikuwa na macho mawili mazima, na tochi chini ya mto. Yalihitajika maneno manne tu: Mama Ilias, angalia mishale. Alinyoosha mkono mpaka ukagusa bega lake. Akasikia pumzi zake. Jana kutwa alikuwa amemwuliza saa ngapi, saa ngapi, saa ngapi, mpaka mwisho Mwantum akaanza kumjibu kwa ile sauti ambayo watu huongea nayo na wagonjwa. Hakutaka kuisikia tena. Akaondoa mkono.

Alisikiliza nje. Kimya. Lakini hata saa kumi na moja huwa kimya, mpaka yeye aseme. Mtaa ulikuwa unamsubiri yeye, na yeye alikuwa anausubiri mtaa.

Akahesabu hatua thelathini na moja, akasimama kizingitini, akatia vidole masikioni, akaadhini. Koo lilifunguka vizuri kuliko siku zote za mwezi ule. Milango ikaanza kulia. Besheni la Mama Scholastique likakwaruza ukuta wa uchochoro kama kila siku, na sauti yake ikaita, "Asante, Papa Taju!" Mzee akafurahi kabisa. Si unaona? alijiambia. Watu wanatoka. Basi ni saa yenyewe.

Risasi moja ikalia upande wa bariyeri, ya juu, ya kutisha. Zikafuata kelele, na miguu inayokimbia kurudi. Mwantum akatoka uani na tochi.

"Baba Ilias! Baba Ilias, ni saa kumi na dakika kumi!"

Hakuna aliyekufa, hilo lilijulikana kulipokucha. Hyacinthe na wanaume wawili walishikiliwa mpaka mchana. Mama Scholastique, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza njiani, alipigwa kwa kitako cha bunduki alipoinua besheni kujikinga, na mkono wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Waliomrudisha walisema wale wa bariyeri walikuwa wakirudia swali moja: nani amewaambia mutoke? Hakuna aliyetaja jina.

Ijumaa ile Mzee hakwenda kuswali. Aliitoa saa ukutani mwenyewe, akaiweka juu ya magoti, akaomba tournevis, na Mwantum akampa. Vidole vyake viliingia humo kama vinavyorudi nyumbani. Vikapita kwenye springi, kwenye nyundo, kwenye gurudumu la mapengo, vikafika kwenye kikono, vikasita. Kikono cha zamani kilikuwa bapa na kinene, alikijua. Hiki kilikuwa cha mviringo, chembamba. Alikifuata mpaka nchani akagusa mikato ya hesi, akaelewa. Ilikuwa spoki ya baiskeli. Maître wa précision alikuwa amekata spoki, ameikunja, na kuiunga kwa lehemu yenye donge kubwa kama dengu iliyoiva. Alikisukuma kwa kucha, kikapinda. Alikiachia, hakikurudi. Kikipinda hakidondoki vizuri kwenye pengo, na kengele inaruka mbele.

"Alhamdulillahi," alisema, na akalia mbele ya mkewe bila kujificha. Kichwa chake kilikuwa kizima.

Kisha vidole vikagusa kitu kingine chini ya mtambo, waya mwembamba unaoning'inia, ambao yeye hakuwahi kuuweka. Alikuwa bado ameushika pale Ilias alipoingia.

"Huu waya ni wa nini?"

"Maître aliuweka," alisema Ilias. "Alisema tangu siku ya kwanza, kengele ikikosea tuuvute, mpaka ipatane na mishale. Alisema saa zote za zamani ziko hivyo."

"Na we ulikuwa unauvuta."

"Mangaribi, ukiwa kwa swala. Nilikuwa nashika nyundo na kidole, isilie."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ni mi nilichagua yule fundi, Baba. Sikutaka ukuje useme."

Kumbe! Jioni nyingine mwana akiisahihisha saa kimyakimya, na alfajiri baba akihesabu juu ya kosa ambalo halipo tena, au akiamini sahihisho ambalo spoki imeshalipindua. Mzee alitaka kumpiga. Alijua kabisa kichwa cha mwanawe kilipo, maana kilikuwa kinapumua karibu. Akakaa, waya mkononi, mpaka hasira ikamchosha.

Jumamosi walimleta Maître Murhula. Mwantum alimnong'oneza mumewe kwamba leo hana blouse, amevaa shati lililofumuka kwapani.

"Papa, Bukavu nilikuwa na machine, nilikuwa na vyuma vyote," alisema fundi. Sauti ilikuwa imepungua utamu. "Vilibaki. Hapa niko na tupa moja na spoki."

"Ungesema hivyo tangu siku ya kwanza."

"Ubao unasema précision, Papa. Nitamwambia mutu nini?"

"Na zile sita? Uliona hesabu iko tofauti, haukuuliza ni kwa nini?"

"Zile sita nilitengeneza bien!" alisema Maître Murhula, na safari hii alikuwa na uchungu wa kweli. "Kazi yote ya pale ndani, hiyo tu ndo iko safi." Mzee hakujua kama acheke au amtukane. Akamwomba fundi arudi nyumbani kwake.

Mtaa ulitoa hukumu haraka, kwa furaha hata. Ni saa. Ni spoki. Ni yule Mkongomani na kaboni zake. Hyacinthe alikuja kuomba radhi kwa utani wake. Imamu akasema habari ya Atumani imekwisha, Jumatatu Mzee aadhini kama kawaida, mtu atamtazamia saa ya msikiti. Kila mtu alimshika mkono, na Mzee alitikisa kichwa akishukuru. Walikuwa wanamsamehe kosa la spoki. Bega la Mwantum hakuna aliyelijua.

Jumapili aliomba apelekwe kwa Mama Scholastique, na mlangoni akamwambia Mwantum amwache hapo.

"Karibu, Papa Taju. Kiti kiko mbele yako."

Alikaa. Chumba kilinuka dawa na ndagala. "Umesikia ilikuwa ni saa," alisema.

"Nimesikia. Batu wote wanasema spoki."

"Ni kweli, spoki. Lakini mke wangu alikuwa amelala karibu yangu, na macho yake na tochi yake. Mkono wangu ulikuwa kwa bega lake, Mama. Nilikuwa na shaka. Niliona haya kumuuliza, nikaenda kuadhini na shaka yangu. Wengine wananisamehe kitu haikuwa yangu. Iyi ndo yangu, nimekuletea."

Kitanda kililia kidogo. Alisubiri matusi. Kusema kweli alikuwa ameyafuata, na angeyapokea kama dawa.

"Papa, mi niko na montre," alisema Mama Scholastique.

Hakuelewa.

"Ya marehemu bwana yangu. Inatembea vizuri, haijanidanganya hata siku moja. Wakati uliadhini niliimulika na mushumaa. Ilisema saa kumi na dakika tano. Nikaigonga. Nikaiweka kwa sikio, ilikuwa inatembea tu. Nikasema apana, Papa Taju hawezi kukosea, ni hii imechoka. Nikaisukuma mbele saa moja muzima, nikaivaa, nikatoka."

Mkono wake wa kushoto ulitafuta wa Mzee, ukamtia ile montre kiganjani. Ilikuwa ndogo, ya joto, na ilitembea. "Mpaka sasa iko vile," alisema. "Sina mukono wa kuirudisha."

Mzee Tajudini aliona aibu kuliko alivyowahi kuona, na safari hii haikuwa aibu ya upofu. Lile lililompendeza miaka yote, watu mia mbili wanaovaa viatu kwa sauti yake, lilikuwa hapa limefungwa vijiti na bandeji.

"Montre yako ilikuwa sawa," alisema.

"Najua sasa. Lakini kesho, Papa. Kesho ukiadhini, na yenyewe ikikataa, niamini nani?"

Nje mtu alipita akimsalimia kwa jina, kwa heshima, na hakuitikia.

"Montre," alisema. Lilitoka kwa shida.

"Basi irudishe nyuma. We ndo fundi."

Akakitafuta kile kichuma cha pembeni kwa ukucha, akakivuta, akakishika kwa vidole viwili. Akaigeuza montre ili uso wake umwelekee Mama Scholastique kitandani.

"Nitazamie, Mama," alisema. "Niambie nikifika."

"Zungusha. Bado. Bado, Papa." Akazungusha kidogo kidogo, akingoja aambiwe.